Pengo Katika Mlima

Sisi tunaoandika haya ni wazee watano wa kanisa, wanaume watatu na wanawake wawili, katika ushirika mdogo unaoabudu kwa Kiswahili hapa Lexington, jimbo la Kentucky, nchini Marekani. Wengi wetu tulizaliwa Fizi na Uvira, mashariki mwa Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Tulivuka ziwa, tukakaa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, kwa miaka ambayo baadhi yetu huihesabu kwa idadi ya watoto waliozaliwa humo. Baadaye tukaletwa huku. Siku za kazi tuko maghalani, hotelini na kwenye mabanda ya farasi. Jumapili mchana tunakutana katika ukumbi tunaoupanga kwa kanisa jingine. Tumeombwa tuandike juu ya imani. Tumekubaliana kuandika juu ya kosa letu, na juu ya mlima ambao Mungu aliutumia kutuonyesha kosa hilo.

Kosa lenyewe lilianza kama jambo jema. Watoto wetu wanasoma shule za huku. Nyumbani tunawasemesha Kiswahili, wao wanatujibu Kiingereza. Vijana walituomba mahubiri yawe yanatafsiriwa ili nao waelewe. Tulikataa. Tulisema tumepoteza nyumba, tumepoteza mashamba ya mihogo na michikichi, tumeyaacha makaburi ya wazazi wetu bila mtu wa kuyafyekea, na Kiswahili ndicho kitu tulichovuka nacho kikiwa kizima. Mwezi wa Januari tukaandika katika kitabu cha mikutano ya wazee kwamba hakuna lugha nyingine itakayosemwa madhabahuni petu. Tukatia sahihi, wote watano.

Kufikia Pasaka, viti vya nyuma walikozoea kukaa vijana vilikuwa vitupu. Kwaya yao iliyokuwa na waimbaji 22 ilibaki na 9. Wazazi wengine walituambia waziwazi kwamba watawafuata watoto wao waendako, kwa sababu hawakukimbia vita ili waje kuwapoteza watoto katika amani. Wengine walituunga mkono kwa ukali kutushinda sisi wenyewe. Ibada ikiisha, watu wa upande mmoja hawakuwasalimu wa upande wa pili. Mchungaji wetu, ambaye ni mtu mpole, alitusihi tuwasikilize vijana. Tulimjibu kwamba wachungaji huja na kuondoka, wazee hubaki. Tunaona aibu kuliandika neno hilo, lakini tulilisema.

Ndipo tukaanza kufunga kila Ijumaa. Tulimkumbusha Bwana ahadi yake juu ya imani ndogo kama punje ya haradali, kwamba mlima utaambiwa uondoke nao utaondoka. Tuliomba hivyo kwa miezi. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kusema kwa sauti kwamba mlima tuliokuwa tunauombea uondoke ulikuwa watoto wetu.

Mwezi wa Oktoba mwalimu wa shule ya Jumapili alituletea ombi. Alitaka kuwapeleka watoto na vijana kwenye pengo la Cumberland, mahali ambapo walowezi wa kwanza wa Kentucky walivuka milima wakielekea magharibi. Watoto walikuwa wamefundishwa habari zake shuleni. Tulikubali kwa sababu safari ilikuwa ya bei nafuu, na kwa sababu tulitaka tuonekane wazee wema. Tukasema tutakwenda pia. Tukajaza mabasi mawili madogo, watu 31, pamoja na bibi mmoja wa Fizi ambaye ndiye mkubwa kuliko wote kanisani.

Kutoka Lexington hadi Middlesboro, mji ulio chini ya mlima upande wa Kentucky, ni karibu kilomita 200 kuelekea kusini. Siku hizi barabara kuu haiupandi mlima ule. Inapita ndani yake, katika handaki lenye urefu wa karibu kilomita moja na nusu lililofunguliwa Oktoba 1996. Mwalimu alipoisoma tarehe hiyo, tulitazamana. Oktoba 1996 ndio mwezi ambao vita vilifika Uvira, tukaanza kukimbilia ziwani. Wenzetu huku walikuwa wanafungua njia mpya ya kupita chini ya mlima, na sisi mwezi ule ule tulikuwa tunatafuta mtumbwi. Tulinyamaza garini mpaka tukatokea upande wa pili, ambao ni Tennessee. Kisha tukazunguka hadi upande wa Virginia, ili tupande kwa miguu tukitokea mashariki, kama walivyotokea walowezi.

Tulipouona mlima kwa karibu, baadhi yetu tulicheka. Kilele kilicho juu ya pengo, kiitwacho Pinnacle, kina mita kama 740 kutoka usawa wa bahari. Maji yenyewe ya Ziwa Tanganyika yako juu kuliko hapo, na milima iliyo nyuma ya Uvira hupita mita 3,000. Mmoja wetu akasema, "Huu ndio uliowashinda watu? Kwetu tungeulima mihogo."

Lakini tuliposoma vibao vya njiani na kuutazama ukuta wenyewe, kicheko kiliisha. Milima ya Appalachia imejipanga kama matuta ya shamba, tuta baada ya tuta, kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki, ikimzuia kila anayetoka pwani ya Atlantiki kwenda magharibi. Mlima wa Cumberland ni mojawapo ya matuta hayo. Upande wa mashariki una magenge meupe ya mawe yanayoendelea kilomita nyingi bila mlango. Zamani msitu mnene ulifunika kila kitu. Mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kuparamia genge. Mwenye mke, mtoto wa kunyonya, ng'ombe na chungu cha kupikia hawezi. Waingereza walijenga mji wao wa kwanza wa kudumu, Jamestown, mwaka 1607, na kwa zaidi ya miaka 150 baada ya hapo walowezi wao karibu wote walibaki upande wa mashariki wa milima. Mwaka 1763 mfalme wa Uingereza alitoa hata amri kwamba wasiivuke.

Sehemu moja ukuta huo umeshuka. Mto wa zamani sana uliukata mlima, halafu maji yakashika njia nyingine, pakabaki pengo kavu. Hata bonde la Middlesboro, ambalo mtu hulikuta mara tu anapovuka, wataalamu wa miamba wanasema ni shimo lililochimbwa na kimondo kilichoanguka mamilioni ya miaka iliyopita. Nyati wa Marekani walilijua pengo hilo, wakalikanyaga mpaka likawa na njia. Wenyeji wa asili, Wacherokee na Washawnee na wengine, waliitumia njia hiyo kwa uwindaji, biashara na vita, na ikaitwa Njia ya Wapiganaji. Daktari Thomas Walker alipofika Aprili 1750, akitafuta ardhi kwa niaba ya kampuni, alikuta njia ya wenyeji inaonekana wazi, na juu mlimani alikuta miti imechongwa misalaba na alama nyingine. Hata Daniel Boone, ambaye vitabu humsifu kwamba ndiye aliyeifungua njia, alionyeshwa. Mchuuzi mmoja aitwaye John Finley, aliyekuwa amekwisha kufika Kentucky kufanya biashara, ndiye aliyemsimulia habari za nchi hiyo, kisha wakaenda pamoja mwaka 1769.

Tulikuwa tunapumzika kwenye mawe tulipofika katika habari hiyo, na mmoja wetu akauliza swali lililotuchoma wote. Akasema, "Sisi tumefunga miezi yote hii Mungu auondoe mlima. Je, tumewahi kumuuliza kama aliacha pengo mahali?" Hakuna aliyemjibu. Tukasimama, tukaendelea kupanda.

Njia ile si ndefu. Imerudishwa karibu na ilivyokuwa zamani, udongo na mawe, miti pande zote. Bibi alipanda kwa kusimama kila baada ya hatua chache, akishika bega la mjukuu wake, na hakuna aliyemtangulia. Mwalimu alituambia kwamba ndivyo ilivyokuwa hata kwa walowezi. Mwendo wa safari uliamuliwa na mzee, mgonjwa na mama mwenye mimba.

Tulipofika juu, mahali palipo chini kati ya vilele viwili, tuliketi tule. Mwalimu akasema kuna binti wa miaka 14 ambaye alifanya kazi ya shule juu ya njia hii na alisoma vitabu maktabani, aturuhusu atusimulie. Binti alisimama mbele yetu. Alianza kwa Kiswahili, akakwama kwenye neno, akajaribu tena, akakwama, kisha akaingia katika Kiingereza, na hapo maneno yakaanza kumtoka bila shida. Mmoja wetu sisi wazee akamkatiza kwa sauti kubwa: "Kiswahili!"

Binti akanyamaza. Aliangalia viatu vyake. Vijana waliokuwa pembeni wakainamisha vichwa, wengine wakatoa simu mifukoni. Tulijua uso ule wa binti. Ndio uso tuliokuwa tunauona viti vya nyuma kabla havijawa vitupu.

Ndipo bibi akasema, bila kuinuka, "Nyinyi wazee, mwacheni mtoto. Mimi sisikii Kiingereza hata kidogo, lakini naona ana kitu anataka kunipa. Nani atanitafsiria?" Mdogo wake yule binti, mvulana wa miaka 11, akanyoosha mkono kama yuko darasani. Akasogea, akakaa karibu na bibi. Basi ile sheria tuliyoitia sahihi ilivunjwa juu ya mlima, na aliyeivunja ni yule ambaye tulidai tumeiandika kwa ajili yake.

Binti alianza na huzuni. Alisema mwaka 1773 Boone aliondoka na mkewe Rebecca, watoto wao na familia nyingine, wakitaka kuhamia Kentucky. Mwanawe mkubwa, James, kijana wa miaka 16, alikuwa katika kundi dogo lililobaki nyuma likileta chakula na mifugo. Tarehe 10 Oktoba, kabla hawajalifikia pengo, wapiganaji wa wenyeji walilishambulia kundi lile, na James akauawa pamoja na wenzake. Familia zikarudi zilikotoka.

Kuna mama mmoja miongoni mwetu sisi watano ambaye alimzika mtoto wa miaka mitatu ufukweni mwa ziwa, usiku, bila hata muda wa kuweka jiwe. Alisikiliza habari ya Rebecca mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Walimfunika na nini?" Mvulana akalipeleka swali kwa dada yake. Jibu likarudi kwamba mama yake alipeleka mashuka ya kitani ili mwili ufungwe ndani yake. Mama yetu akatikisa kichwa polepole kukubali. Hajawahi kutuambia aliwaza nini.

Machi 1775 Boone alirudi na watu kama 30 wenye mashoka. Walikata njia ya kilomita zaidi ya 300, kutoka mto Holston, kupitia pengo, mpaka mto Kentucky. Binti alitukanya tusifikiri ilikuwa barabara. Kwa miaka 20 na zaidi gari la kukokotwa halikuweza kupita. Njia ilipanuliwa kwa ajili ya magari hayo mwaka 1796. Kabla ya hapo watu walitembea kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine, na mizigo ilikaa juu ya farasi. Watoto wadogo waliwekwa ndani ya matenga yaliyoning'inizwa ubavuni mwa farasi, huku mmoja na huku mwingine ili wapatane uzito. Walichukua shoka, chumvi, mbegu, chungu, bunduki na blanketi. Meza nzuri na kabati la urithi vilibaki. Hata hivyo, mpaka kufikia mwaka 1810 inakadiriwa kwamba watu kati ya 200,000 na 300,000 walikuwa wamepita hapo tulipoketi, na Kentucky ilikuwa jimbo kamili tangu 1792.

Yule aliyepiga kelele ya "Kiswahili!" alinong'ona, "Lakini lugha haina uzito. Kwa nini tuiache njiani?" Bibi akamsikia. Akamjibu, "Nani amekwambia uiache? Teremsha hicho kingine ulichobeba." Hakufafanua. Ilitubidi tukitafute wenyewe.

Binti hakutuficha upande mwingine wa habari. Nchi iliyokuwa ng'ambo haikuwa tupu. Mwezi ule ule wa Machi 1775, Richard Henderson na kampuni yake walifanya mapatano na wakuu wa Wacherokee kununua sehemu kubwa ya Kentucky. Kiongozi kijana wa Kicherokee aitwaye Dragging Canoe alipinga mbele ya watu wake. Washawnee, ambao nao waliwinda katika nchi hiyo, hawakuwamo katika mapatano. Vita vilifuata, na damu ya pande zote ilimwagika kwa miaka mingi. Tulisikiliza sehemu hiyo kwa uchungu wetu wenyewe, kwa kuwa wako watu tusiowajua wanaolala katika nyumba zetu kule Fizi. Na leo sisi tunapanda mchicha nyuma ya nyumba za kupanga katika nchi iliyopatikana hivyo. Mtu akivuka mlima kwa msaada wa Mungu, bado ataulizwa na Mungu huyo huyo alimkuta nani upande wa pili na alimtendea nini. Hatukuona namna ya kulikwepa swali hilo, na tunadhani si vyema kulikwepa.

Kisha akatueleza habari ambayo hatukuwahi kuisikia, ingawa inahusu mji tunaoishi. Mwaka 1781 kanisa zima lilivuka hapo. Lilikuwa kanisa la Wabaptisti kutoka Spotsylvania, Virginia, na mchungaji wao aliitwa Lewis Craig. Mwaka 1768 alikuwa amefungwa gerezani kwa sababu ya kuhubiri bila kibali cha serikali. Washirika yapata 200, na watu wengine walioambatana nao hata wakafika 500 au 600, walianza safari majira ya kupukutika majani. Mvua, baridi na matope viliwapata milimani. Njiani waliabudu, na mwezi wa Desemba wakafika Kentucky wakiwa kanisa lile lile lililoondoka. Watu waliwaita Kanisa Linalosafiri.

Tulipiga makofi. Tulidhani habari imekwisha, na kwamba sisi ndio kanisa linalosafiri, na kwamba mahubiri ya Jumapili yamepatikana. Binti akangoja makofi yaishe, akasema bado.

Katika msafara ule walikuwamo watumwa. Walitembea njia ile ile na kubeba mizigo ya wengine, na mlima walipouvuka walibaki watumwa. Katika Kentucky ya mwaka 1790 karibu mtu mmoja kati ya kila sita alikuwa mtumwa. Mmoja wao alikuwa mtu aliyeitwa Peter Durrett, mali ya Joseph Craig, ndugu yake mchungaji. Alivuka pamoja na mke wake. Baada ya miaka michache alikuja kukaa hapa Lexington, akaanza kuwahubiria watu weusi, na takriban mwaka 1790 kanisa likakusanyika kwake. Aliwabatiza watu na kuwalea mpaka alipofariki mwaka 1823. Ni kanisa la kwanza la Wabaptisti weusi katika Kentucky, nalo lingali hai mjini kwetu. Mwandamizi wake, London Ferrill, anakumbukwa kwamba mwaka 1833, kipindupindu kilipowaua mamia ya watu mjini, alibaki kuwahudumia wagonjwa na kuwazika wafu.

Hapo binti aligeuka akatuangalia, akasema maneno ambayo mdogo wake aliyatafsiri kwa sauti ya kutetemeka kidogo: "Kila mtu shuleni anajua jina la Boone. Hili nililipata kwa sababu nilitafuta. Nilitaka niwaambie kanisani, lakini hairuhusiwi."

Hatujui tukae upande gani wa neno hilo kila tunapolikumbuka. Tuliishi Lexington miaka yote hiyo, tukipita kwa basi kwenda kazini, tukilia kwamba tuko ugenini, kwamba hakuna aliyetutangulia. Kumbe alikuwapo mtu mweusi aliyevuka mlima bila kuulizwa kama anataka, aliyefika katika nchi ambamo hata mwili wake haukuwa wake, akajenga kanisa kwa watu ambao hakuna aliyewahesabu kuwa kanisa. Habari hiyo ilikuwa imekaa kinywani mwa mtoto wa ushirika wetu, na sisi ndio tuliomfunga kinywa. Kuitafuta angeweza. Kutufikishia hakuweza, kwa sababu mlango wa madhabahu tuliufunga kwa sahihi tano.

Tuliona wakati ule bibi alichotutaka tuteremshe. Kiswahili hatukuombwa kukiacha, na hata leo ndiyo lugha ya maombi yetu. Lakini pamoja nacho tulikuwa tumebeba cheo. Kule kwetu mzee ndiye ajuaye njia, mtoto hufuata. Huku watoto ndio wanaotusomea barua za mwenye nyumba, ndio wanaotueleza daktari anasema nini, ndio wanaotujazia karatasi za ofisini. Tulipofika kanisani tulitaka pawepo mahali pamoja ambapo hatuwahitaji. Hilo ndilo tuliloliita kulinda imani. Ulikuwa mzigo mkubwa kama kabati la urithi juu ya mgongo wa farasi, na tulikuwa tunashangaa kwa nini hatusogei.

Tulishuka. Bibi alishukia upande wa Kentucky, kwa sababu alisema hakupanda mlima ili arudi alikotoka, na dereva mmoja ilibidi apeleke gari kumngoja huko.

Jumamosi iliyofuata tulikutana. Tulikifungua kitabu, tukaupiga mstari uamuzi wa Januari, tukaandika mpya, tukatia sahihi tena. Sasa Neno linasomwa kwa lugha zote mbili. Mchungaji anahubiri kwa Kiswahili, na kijana mmoja anasimama kando yake akitafsiri. Yule mzee wetu alikwenda nyumbani kwa binti kumwomba msamaha mbele ya wazazi wake. Binti alimwambia, "Sawa, babu," akarudi kwenye simu yake. Mzee alitaka jibu refu zaidi, lakini tumemwambia ashukuru kwa hilo.

Tusingependa mtu asome haya akadhani mambo yote yamenyooka. Kwaya ya vijana ina waimbaji 15. Wale saba wengine hatujawapata, na wawili kati yao hawapokei simu zetu. Familia moja iliyotuunga mkono katika kosa letu imeondoka kwa hasira, ikisema tumewauza. Tumekwenda kwao mara tatu, tumeketi, tumekunywa chai yao, na bado hawajarudi. Tutakwenda tena. Ibada imekuwa ndefu, na wako wanaolalamika kwamba wanachelewa zamu za jioni. Na watoto bado hawajibu Kiswahili nyumbani, ingawa vijana watatu wameomba wafundishwe kukisoma, kwa sababu wakitafsiri wanaona wanapungukiwa maneno.

Tunaamini kama zamani kwamba Mungu anaweza kuung'oa mlima akautupa baharini. Kwetu hakufanya hivyo. Alikuwa amekwisha kuacha pengo, na akamweka mtu anayelijua, na mtu huyo alikuwa mdogo kwetu sote isipokuwa mmoja. Ndugu msomaji, kama katika ushirika wako mmefunga na kuomba muda mrefu mbele ya ukuta, tunakusihi umtafute yule ambaye mmemnyamazisha, umuulize ameona nini.

Yule mvulana wa miaka 11 hutafsiri Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Ni mfupi, kwa hiyo tumemwekea kreti ya soda asimamie, la sivyo bibi, anayeketi kiti cha mbele, hamwoni. Bibi haelewi neno hata moja la Kiingereza chake. Hata hivyo kila akimaliza sentensi, yeye ndiye wa kwanza kuitikia amina.